Ua Mkononi mwa Baradieli

Jumapili, 5 Januari 1969

Salamu nyingi kwako, Malaika Baradieli. U hali gani? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linaniuma kwa baridi ya masika haya. Kondoo wazima. Binti yetu Delfina ameandika kutoka mjini, mzima.

Sista Agripina alitufundisha hivyo shuleni: anza daftari kwa kumsalimu malaika na kumjulia hali, moyo utafunguka wenyewe. Miaka yote nimekuuliza hali kwa mazoea tu. Leo nauliza kwelikweli. U hali gani? Maana nimekuona asubuhi kanisani, nusura nipige ukelele katikati ya Misa.

Wamekunyang'anya gobore!

Ngoja niandike polepole, nisije nikatoboa karatasi. Tangu Noeli picha yako ilikuwa imefunikwa shuka. Tukaambiwa fundi wa rangi kutoka La Paz anaziba nyufa na kuondoa moshi wa mishumaa. Sawa. Moshi upo kweli, wa tangu enzi za bibi wa bibi zetu. Leo baada ya Injili Padri Lamberto kavuta shuka, uso unamng'aa kama mtoto aliyepewa peremende. Kofia ipo na manyoya yake mekundu. Mabawa yapo. Lesi za mikononi, soksi nyekundu, dhahabu ya koti — vyote vipo, vinawaka kuliko zamani. Ila ile mikono iliyoshika gobore, mdomo wake umeelekea mawinguni, sasa imeshika ua.

Ua! Bua la kijani lenye maua meupe kichwani!

Na chini, pale palipoandikwa kwa Kilatini Baradieli, Mkuu wa Mvua ya Mawe, pamepakwa rangi ya udongo, juu yake wameandika Gabrieli. Wamekubadilisha jina kama karani aliyehamishwa ofisi. Gabrieli namheshimu, namwomba kila siku, lakini kazi yake ni kupeleka habari njema kwa Bikira. Mvua ya mawe anaijulia wapi? Huku ni kumtuma mpeleka barua kazi ya askari.

Kanisa zima likanong'ona. Mama Saturnina, jirani yangu, akanipiga kiwiko: "Nieves, huyo anakwenda harusini?" Sikucheka. Wifi yangu Casimira, dada yake mume wangu Teodosio, alikuwa amepiga magoti mbele kabisa, analia machozi bila kujifuta. Nikasema moyoni, afadhali katika ukoo huu kuna mwingine mwenye uchungu.

Maana mwaka huu, katika miaka yote, mlinzi wa mashamba ni Teodosio wangu. Tangu Siku ya Marehemu yuko kule juu kibandani, na atakaa mpaka Karnivali, kabla ya Kwaresima. Hashuki kijijini, hanyoi, hali chumvi, halali na mkewe. Ana kiboko, ana pembe, ana fataki. Wingu jeupe la mvua ya mawe likichomoza nyuma ya mlima wetu, Babu Sunturani, yeye ndiye wa kulikabili. Likipita salama, tutamvisha maua siku ya Karnivali. Viazi vikipigwa, anaulizwa yeye. Mzee Fermín yalimpata — alitembezwa shamba kwa shamba, kila mwenye shamba anamwonyesha mabua yaliyovunjika, mkewe anafuata nyuma ameinamisha kichwa. Hata mwezi haukuisha wakahamia nchi ya joto kule chini. Hawajarudi hata kuzika ndugu.

Na silaha ya mlinzi si fataki. Fataki ni kelele tu. Silaha yake ni wewe. Pembe ikilia, wanawake wanakushusha ukutani na kukupandisha mbio hadi mashambani, unasimamishwa uso kwa uso na wingu. Ndivyo ilivyo tangu picha hii ichorwe.

Sasa nimwambie nini mume wangu? Kwamba amuelekezee Babu Sunturani shada?

Jumatatu, 6 Januari. Tokeo la Bwana

Nimepanda kibandani na supu ya punje za kinoa isiyo na chumvi, viazi vikavu, na majani ya koka. Teodosio amekonda. Ndevu zimemfanya afanane na Yosefu wa pangoni.

Nikamweleza. Alitafuna koka muda mrefu, macho yakiwa mlimani. Halafu akauliza ua lenyewe ni la namna gani.

"Yungiyungi. Padri anasema ni alama ya usafi wa moyo."

"Wingu litaoga?"

Nikamwambia asinichekeshe, mimi nimekuja na hasira yangu kamili sitaki kurudi na nusu. Akacheka peke yake. Kisha kicheko kikamwisha. Akasema usiku anasikia barafu ikisagana ndani ya mlima, mwaka huu si wa mchezo. Akasema pia shamba la Rufino limetangulia kuchanua kuliko yote, jeupe tupu, linaonekana toka kibandani. Rufino ni mtoto wa Casimira. Alikuwa. Shamba amelilima mama yake mwenyewe msimu huu.

Wakati naondoka akaniita. "Nenda kwa Padri. Ongea naye kwa adabu, Nieves."

Kwa adabu! Mimi lini nimekosa adabu?

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda. Nimeongea kwa adabu, mpaka alipoanza yeye.

Nilimkuta sakristia anakunja vitambaa ambavyo mimi ndiye ninayevifua. Akanikaribisha kwa Kiaymara chake kile kinachochechemea, akanipa kiti. Mtu mwema, simsingizii. Akauliza: "Mama Nieves, malaika gani anahitaji bunduki?"

"Mikaeli pale mlangoni ana upanga, Padri, na hukumbadilishia kijiko."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikaona njia imefunguka, nikamweleza yote. Kwamba gobore la Baradieli halikumwelekea mtu hata siku moja, linaelekea juu. Kwamba utambi wake haujawashwa, anatisha tu, kama baba anayeinua fimbo asiyepiga. Kwamba ametanguliza mguu mmoja kama mcheza ngoma ili asikanyage miche. Zile nukta za dhahabu kwenye koti lake ni punje za mvua ya mawe alizokwisha kuziteka, amezishona nguoni zisianguke. Bibi yangu alinionyesha moja moja, amenibeba mgongoni.

Padri akasikiliza vizuri. Akasema ni maelezo mazuri sana. Ndipo akasema kwamba Kanisa linawajua kwa majina malaika watatu tu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Wengine hawamo katika Maandiko.

"Na babu zako, Padri, wamo?"

"Hawamo, mama."

"Lakini walikuwepo."

Akavua miwani, akaifuta, akaanza kusema kwa sauti ya chini, kwa Kihispania. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa parokia ya migodini. Yeye ndiye aliyewazika wale waliopigwa risasi na askari. Alizika mpaka mikono ikamwota malengelenge, maana wachimba kaburi nao walikuwa wamejificha. Wengine aliwabatizia watoto Jumapili iliyotangulia. Tangu siku hiyo, akasema, hawezi kuinua hostia mbele ya bunduki, hata iwe ya dhahabu, hata iwe ya malaika.

Nifanyeje? Nilitaka kumjibu, nikamkumbuka Rufino. Rufino wetu alikuwa mmoja wa aliowazika.

Lakini hasira haikuisha! Imekaa tu. Uchungu wake naujua, na uchungu wangu nani anaujua? Angeniita. Angetuita wote akasema, wanangu, nina jambo linanisumbua. Tungekaa. Badala yake shuka, fundi, na peremende usoni.

Nilipofika mlangoni akasema: "Na si mimi niliyeanza, mama. Kuna mtu wa hapa alikuja kuniomba."

Nani?

Akafunga mdomo, kama yuko kwenye kitubio.

Mimi namjua. Ni Hilarión, mwenyekiti wetu. Tangu achaguliwe anataka kijiji kionekane cha kisasa, hata pembe ya mlinzi anasema ni ushamba. Ni yeye tu.

Jumamosi, 11 Januari

Jana alasiri wingu lilitokea. Fataki zikalia, pembe ikalia. Wanawake watano tukakimbia kanisani, tukasimama mbele ya picha — tukatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Saturnina akasema yeye habebi bwana harusi. Tulipokuwa tunabishana, wingu likageuka lenyewe, likamwaga kidogo upande wa mtoni, likaenda zake. Mabua machache yamelala kwenye shamba la Saturnina. Machache tu!

Leo kijitoni nilikokwenda kufua nimeyasikia yote.

"Mumeo alilipungia wingu ua, eti?"

"Mwambie achume na lingine, moja halitoshi."

"Au amelala na mtu huko juu. Mvua ya mawe inanusa."

Nimewajibu kwamba Teodosio hajalala na mtu, na wao wenyewe wangekaa huko juu miezi bila chumvi wangeota pembe. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nimesugua kitambaa cha altare mpaka nikajuta.

Saturnina akanisubiri, tukarudi pamoja. Akanong'ona: ile rangi bado mbichi. Kata kiazi, sugua kwa upande uliokatwa, rangi mpya itatoka na ya zamani itabaki. Ndivyo bibi zetu walivyowaosha watakatifu kila Kwaresima. Ufunguo wa kanisa ninao mimi.

Nimechagua viazi viwili vyenye maji mengi, nimeviweka kando.

Jumapili, 12 Januari

Mkutano wa kijiji baada ya Misa, uwanjani. Mvua nyembamba, kofia zote zinadondosha maji.

Nilidhani tutazungumzia picha. Nilijipanga! Nilikuwa na maneno yangu. Hilarión akainua fimbo yake ya uenyekiti, akasema mambo ya picha ni ya Padri, tusiyaingilie. Kuhusu mashamba, sheria haijabadilika. Mlinzi ni mlinzi. Viazi vikipigwa, Teodosio Laime ataitwa atembee shamba kwa shamba kama ilivyo desturi.

Nikasimama. Mwanamke hasimami mkutanoni kabla hajaitwa, najua. Nikasimama.

"Yaani mmemvua mtu silaha, kisha mumshitaki kwa kushindwa vita?"

"Kaa chini, mama."

"Desturi mnaikata vipande! Kile kinachowafaa mnabaki nacho, kinachomfaa yeye mnakipaka rangi!"

"Mama Nieves, kaa chini."

"Wewe uliyekwenda kwa Padri kuomba gobore liondolewe, panda wewe kibandani!"

Hilarión akashangaa. Alishangaa kweli, mdomo wazi. Akaapa kwa mama yake kwamba hajawahi kumwomba Padri kitu zaidi ya kengele mpya. Watu wakaguna. Casimira alikuwa karibu na ukuta, amejifunga shali mpaka puani. Nilimwangalia anisaidie, ni kaka yake anayesemwa! Akainama.

Nimerudi nyumbani. Hata dada wa damu. Hata neno moja.

Nitakisugua kile kiua mpaka kitoke.

Jumanne, 14 Januari

Niandike kama lilivyotokea, nisiongeze.

Padri ameondoka kuzungukia vigango. Mchana nikaingia kanisani, nikafunga mlango wa mbele, nikaweka benchi chini ya picha, nikapanda. Goti likalia. Nikapiga ishara ya msalaba, nikakata kiazi.

Nilianza na jina. Saturnina alisema kweli, rangi ya udongo ikaanza kulainika, ikateleza na maji ya kiazi mpaka kwenye kiwiko changu. Gabrieli akatoka. Baradieli akabaki, herufi zake zile zile zilizopinda. Nilifurahi mpaka nikaongea peke yangu. Nikainua mkono kwenye ua.

"Wifi, shuka."

Casimira. Ameingia kwa mlango wa sakristia, ule usiofunga.

"Sishuki."

"Jina futa. Jina hata mimi sikuliomba. Ua liache."

Mkono wangu ukabaki hewani. Hukuliomba? Kwani wewe uliomba nini?

Akakaa kwenye benchi la wanaume, jambo asilolifanya kamwe. Akasema hakutaka nijue hivi.

"Kila Jumapili, wifi. Padri anainua Mwili wa Bwana, na nyuma yake namwona kijana mwenye kofia nzuri na vifungo vya dhahabu, ameshika bunduki. Aliyempiga Rufino naye alikuwa kijana. Naye alikuwa na vifungo. Wenzake waliniambia alikuwa na sura laini kama ya msichana."

"Gobore linaelekea juu, Casimira."

"Najua linaelekea juu! Marehemu mama aliniambia, wewe umeniambia, mimi mwenyewe nimemwambia Rufino akiwa mdogo. Macho hayasikii, wifi. Nilikuwa natoka kabla ya komunyo, hukuona? Mwaka mzima sikupokea."

Sikuona. Mimi ninayeona vumbi kwenye kinara cha mshumaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningempa nafasi gani, tangu Jumapili ile naongea mimi tu.

Kisha akanionyesha kwa kidole. "Na hilo si yungiyungi. Fundi aliniuliza yungiyungi likoje, alitaka kuliona kwa macho. Padri hakuwepo. Mimi yungiyungi nitalijulia wapi, huku kwetu linaota? Nikaenda shambani kwa Rufino nikamchumia bua moja. Nikamwambia ndilo hili."

Nikageuka nikatazama. Nikatazama vizuri, kwa mara ya kwanza.

Ua la kiazi. Nyota nyeupe yenye pembe tano, katikati mdomo mdogo wa njano. Majani yenyewe ya kiazi, makubwa kwa madogo yamepishana. Mimi niliyezaliwa kwenye tuta la viazi, niliyepalilia nikiwa mjamzito mpaka siku ya kujifungua, nimekaa Misa nzima nalitazama ua la kiazi naliita yungiyungi. Hasira ilikuwa imenikalia machoni.

Na mkononi nimeshika kiazi, nataka kulifutia.

Nikashuka. Sikumkumbatia, asidhani. Nikamwambia: "Na kaka yako? Unajua watamfanya nini likipiga?"

"Kaka yangu yuko hai, wifi. Aibu haimziki mtu."

"Fermín ilimzika."

Tulitoka kila mtu na mlango wake. Kiazi kimekauka mfukoni mwa aproni, cheusi upande uliokatwa.

Jumatano, 15 Januari

Sikulala vizuri. Bado nina hasira, sijui tu niiweke wapi. Kwa Padri haikai. Kwa Casimira haikai. Kwa Hilarión inakaa kidogo, na nimemsingizia.

Askari wale, ndio. Kwao ingekaa. Lakini wako wapi niwapelekee?

Saturnina kaja kuchungulia dirishani akiuliza kama nimemaliza. Nimemwambia goti linauma. Daftari nalibeba kwenye mzigo wangu kuanzia leo, huyu mwanamke ana macho marefu.

Ijumaa, 17 Januari

Naandika kibandani kwa Teodosio, nimekaa kizingitini. Mke wa mlinzi akiwepo wakati wa wingu haruhusiwi kuvuka kizingiti, anakaa anasali rozari. Nimejaribu. Vidole vinaruka chembe. Kalamu angalau inashikika.

Pembe ililia asubuhi, ng'ombe walipokuwa ndiyo kwanza wametoka. Si mlio wa wiki iliyopita. Ulikuwa mrefu, haupumui. Nikatoka mbio, nikaona nyuma ya Babu Sunturani: jeupe chini, jeusi juu, linasogea chinichini kama kundi la kondoo. Hakuna mwanamke aliyekwenda kanisani. Saturnina alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Kumbeba nani? Mwenye ua?"

Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika, nitayasema kwenye kitubio.

Nikafungua kanisa. Picha haipo ukutani! Casimira alikuwa ameshaiteremsha, ameilaza kwenye mabenchi, anaifunga kwa shali yake mwenyewe.

"Shika upande wa miguu," akasema.

Nikashika. Njia nzima, matope mpaka kwenye vifundo, upepo unaigonga picha kama mlango, tunasikia fataki juu, moja, kimya, nyingine. Kwenye ukuta wa mawe akaanguka, nikadhani ameiachia. Hakuiachia. Ameanguka kwa uso ili isiguse chini. Damu puani, anafuta kwa mkono, twende, twende.

Teodosio alitupokea bila kofia, nywele zimesimama. Akafungua shali. Akaona.

Niliogopa. Nilijua atasema neno la mzaha na Casimira asingelistahimili.

Akasogeza uso karibu. Akagusa jani kwa ncha ya kidole. "La nani hili?"

"La shamba la Rufino," dada yake akamwambia. "Mimi ndiye niliyeomba. Gobore lipo chini yake. Ukitaka, mkeo ana viazi."

Kaka na dada wakatazamana. Sijawahi kuwaona wanafanana hivyo. Teodosio akaichukua picha kwa mikono yote miwili, akaisimamisha kwenye jiwe lake la siku zote, uso kwa wingu, akazungushia mawe madogo isianguke. Bila kuuliza kitu kingine. Mimi ndiye nilitaka kuuliza! Mimi nilikuwa na mkono mfukoni, kiazi cha pili nimekishika. Bado nimekishika. Kinga ya mume wangu iko chini ya rangi ya fundi, unene wa ukucha, na sijui kama nikae au niinuke.

Fataki imebaki moja. Anaitunza.

Chini njiani naona watu wanapanda. Joho jeusi la Padri, amelikunja kiunoni kama mwanamke anayevuka mto, anateleza, anasimama. Hilarión na fimbo yake. Nyuma yao wanawake, naona kofia ya Saturnina. Hilarión anapaza sauti, upepo unaichukua, sijui anasema malaika tumrudishe au tumgeuze. Wanakuja kutusaidia au kutuhukumu, kwa mbali hivi watu wote wanatembea namna moja.

Shamba la Rufino lote limeinama upande mmoja, jeupe.

Wingu limefika kwenye mabega ya Babu. Baridi imeingia ghafla, ile yenye harufu ya chuma. Teodosio anapiga kiboko hewani, anatukana lugha ya walinzi ambayo wanawake hatutakiwi kuisikia. Casimira amekwenda kusimama mbele ya picha. Si nyuma, mbele, mgongo wake kwa wingu. Anamtazama malaika usoni, machoni kabisa, yule kijana mwenye kofia nzuri. Mikono ameinyoosha kama anayezuia watu mlangoni.

Anamwita. Nimesikia. Hakusema Gabrieli.

"Baradieli! Baradieli, tazama ulichoshika! Ni viazi hivi tu tulivyo navyo!"

Punje ya kwanza imedunda kizingitini. Ndogo, kama kinoa. Imeyeyuka kwenye sketi yangu.

Ya pili. Ya tatu ni kubwa zaidi.

Malaika Baradieli, mimi Nieves. Leo sikukusalimu mwanzoni, nisamehe, sikuwa na nafasi. Hali yako naiona, na yangu unaiona. Sikusugui. Kiazi nimekiweka chini. Gobore unalo au hunalo, wewe ndiye unayejua kilichomo mkononi mwako. Mwanaume huyu ni wangu, na mwanamke huyu aliyeligeuzia wingu mgongo ni wifi yangu.

Nijibu, tafadhali. Nijibu upesi.